Kiti cha Bosi Kwenye Semina

Jumapili, 3 Machi

Kesho nampeleka bosi semina. Wiki nzima, chuo cha watumishi kule nje ya mji. Mimi na semina ni ndugu wa damu! Za uongozi, za maadili, za kompyuta — zote nimezihudhuria, maegeshoni. Elimu naijua kwa kuisikia dirishani: makofi, kicheko, makofi tena, halafu vijiko vya chai.

Kila mwaka naomba mafunzo. Kila mwaka jibu ni lile lile: madereva hawamo kwenye mpango wa mwaka huu. Huo "mwaka huu" sasa una ndevu.

Mke wangu ananipigia pasi shati huku anacheka. Eti hiyo kola anamnyooshea nani, usukani? Nikamwambia mwanamume hajui siku atakayoitwa. Akasema tangu anioe (hudai yeye ndiye aliyenioa) namngoja huyo wa kuniita.

Ni kweli namngoja.

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekuwa mkuu wa kitengo! Nisimulie kwa utaratibu.

Tulifika mapema. Bosi anajenga, na fundi kampindishia ukuta kama mgongo wa ngamia. Shemeji yake bosi alishakuja kumpeleka kwenye ujenzi kwa gari lake. Hili letu la serikali libaki langoni, lionekane. Hapo hakuna jipya. Wakubwa huacha koti kwenye kiti, koti linahudhuria. Nayajua makoti yaliyosoma kunizidi. Lakini mkufunzi wa safari hii, mama mmoja mpana, mkali wa macho, anasifika kwa kuyauliza makoti maswali.

Basi koti likahitaji mtu ndani. Bosi kahamia kwetu juzi tu, sura yake haijulikani na mtu. Akanivua kofia, akanivisha koti.

"Kaa nyuma, mzee. Usinyanyue mkono, usiseme neno. Ijumaa narudi kufunga mwenyewe. Hakuna atakayekumbuka nani alikaa pale."

Mimi, nisiseme neno! Angeanza kumwambia jogoo asiwike.

Na somo lenyewe sasa: namna ya mkuu kuwaendeleza watumishi walio chini yake. Nilitaka kuangua kicheko, nikakigeuza kikohozi.

Kiti kina mto. Kuna maji ya chupa, yangu peke yangu. Mama Mkufunzi anasema nasi kama watu wenye akili. Mimi niliachia darasa la saba, mzee wangu alipougua, nikaenda kuosha magari. Sijakaa dawatini tangu hapo. Hapa wanaandika kwa kalamu nene kwenye ubao mweupe, na ile harufu ya wino imenipanda kichwani kama marashi ya bibi harusi. Saa za kutoka zilipofika nilikuwa wa mwisho kunyanyuka.

Jumanne, 5 Machi

Nimenyamaza mpaka chai ya saa nne. Kwa mimi hiyo ni rekodi ya dunia.

Kazi za vikundi. Niko na mkuu wa mifugo, namwita Bwana Mifugo, na dada mmoja wa idara ya maji. Bwana Mifugo akasema watumishi wa chini hawataki kusoma, wanataka posho. Mkono ukanyanyuka wenyewe, nikaushusha. Ukanyanyuka tena. Nikamwambia ng'ombe asiyepelekwa malishoni huwezi kumlaumu kwa kukonda. Yule dada alicheka mpaka akamwaga chai. Bwana Mifugo naye akacheka — mtu mwema, kumbe. Wakanichagua mwenyekiti wa kikundi.

Nyumbani nimemwambia mke wangu yote. Hakucheka. "Baba, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wakikujua, kazi unayo?"

Nikamwambia mjini hapa nimepita kona kali kuliko hiyo. Akaendelea kumenya viazi. Halafu akauliza wamefundisha nini. Nikamfundisha. Tathmini ni nini, lengo ni nini. Alisikiliza, kisu mkononi, viazi vikamngoja. Hajawahi kunisikiliza hivyo hata nilipokuwa namchumbia.

Jumatano, 6 Machi

Nimeharibu. Au nimetengeneza. Sijui.

Mama Mkufunzi alitaka kila mmoja aeleze habari za mtumishi wake mmoja aliyesahaulika. Wengine walipitia juu juu, eti karani mchelewaji, mlinzi msinziaji. Zamu ikafika kwangu. Nilisimama nikiwa na mzaha tayari ulimini. Mzaha ukagoma kutoka. Kikatoka hiki:

"Mimi nina dereva. Amezeesha magari ya ofisi, ofisi ikamzeesha yeye. Magari mapya yana kompyuta ndani, yakizima yeye anafungua boneti na kutazama tu, kama mtu aliyefiwa. Anatamani kujifunza. Kila semina yuko nje, anasikia makofi. Mimi bosi wake sijamuuliza hata siku moja."

Yule dada wa maji alijifuta macho. Nikakaa. Ajabu ni kwamba nilimwonea huruma yule dereva kama mtu baki.

Mama Mkufunzi akasema nimwandikie huyo dereva mpango wake wa mafunzo. Ijumaa niusome mbele ya wote, uwe mfano.

Ijumaa!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeuandika. Nimefuta, nikaandika tena. Ukipewa ruhusa ya kujitakia mambo, kumbe huna mazoea. Mwisho nikaweka mawili: afundishwe umeme na kompyuta za magari, akirudi, awafundishe madereva vijana. Hilo la pili limenikaa kichwani mchana kutwa. Mimi, mbele ya watu, kalamu nene mkononi.

Bosi kapiga simu. Ukuta umenyooka, kesho anakuja. Kaniuliza kama nimekaa kimya.

Nikasema kama maji mtungini.

Jumapili hadi leo nimekuwa na maneno kwa kila mtu, ila hapo pa kumwambia ukweli nikawa bubu.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika garini.

Bosi kaja, kavaa koti lake, kaingia. Nikamfuata na mkoba, kama desturi. Mlangoni Bwana Mifugo akamruka bosi, akanipa mkono mimi. "Mwenyekiti, mbona leo umevaa kofia?" Bosi hakusikia, alishaenda kukaa.

Mara Mama Mkufunzi akaita: mkuu wa kitengo aje na mpango wa dereva wake. Bosi akasimama. Ukumbi mzima ukageuka, ukanitazama mimi pale mlangoni.

"Dereva yupi?" bosi akauliza.

Mama Mkufunzi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akauona mkoba wa mtu mwingine mkononi mwangu. Akasema polepole, "Nadhani ni huyo."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru mmoja angecheka. Mama Mkufunzi kaniomba nisubiri nje kidogo. Wamefunga madirisha, sisikii kitu. Kazi inaweza kwenda leo, najua, na mke wangu hatasema "nilikuambia", ndiyo maana inauma. Lakini kinachoniwasha si hicho. Sikuusoma. Ulikuwa mfukoni, umekunjwa vizuri, na sikuusoma.

Bosi anatoka. Anakuja kwa miguu, juani. Huyu mtu hunipigia simu hata nikiwa upande wa pili wa ukuta. Koti kaliacha ndani, basi si kuondoka. Uso wake siusomi.

Amefika. Anasema kupitia kioo kwamba wanautaka ule mpango. Nimpe karatasi, akaisome.

Nimemwambia mwandiko wangu hausomeki na mtu mwingine ila mimi.

Ameegemea mlango wa gari, anatazama ukumbi, kisha ananitazama mimi. Naandika ili nisiinue macho. Bado hajasema kama nitaingia kuusoma mwenyewe.