Mkia wa Ndege Ndefu

Kinshasa, Jumatano, 5 Juni 2024

Baba, shikamoo. Natumai wewe na mama hamjambo huko Mitole, na mgongo wako umetulia. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Ile ndege yetu ya mizigo, DC-8, nilishakueleza: kizee cha injini nne, kilichoongezwa kiwiliwili kikawa kirefu, kisha kikang'olewa injini za moshi kikafungwa mpya. Kinaruka vizuri. Ila kwa urefu ule, rubani akiinua pua mapema, mkia unasugua chini. Wiki iliyopita ulisugua. Baba mdogo Abdurahmani, mkuu wetu wa karakana, ameamuru upakwe rangi basi. Mimi nataka tufungue bati tuone ndani. Anasema ndege inaondoka Jumatatu alfajiri, nitie sahihi kwamba ni nzima, nisimwaibishe yeye aliyenileta kazini. Na hapa kwetu fundi aliyetia sahihi hupanda. Tutakuwa watano. Nifanye nini?

Mwanao,
Mwanahija

Nangurukuru, Ijumaa, 7 Juni 2024

Mwanangu, marahaba. Sisi wazima, mgongo unalalamika kama kawaida yake. Mitole mtandao hauna adabu, ndiyo maana nimekuja huku kutumia simu ya Kudra, muuza dawa za mikorosho.

Umenishangaza kuogopa uzee. Ule mkorosho mkuukuu wa kisimani niliukata, nikaubebesha vikonyo, vile vijiti vya mkorosho wa mbegu mpya, vikashika, leo unaishinda miche ya juzi. Ndege yenu si ndiyo hiyohiyo, shina la zamani na matawi mapya? Halafu Abdurahmani ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Kumkatalia yeye ni kunikatalia mimi. Tia sahihi.

Baba yako,
Bakari

Nangurukuru, Jumapili, 9 Juni 2024

Mwanahija, leo salamu zitasubiri. Usitie sahihi.

Mkorosho wa kisimani umeanguka asubuhi, upepo hakuna, hatua mbili kutoka mama yako alipokuwa akipalilia. Ndani mchwa wamekula wote, limebaki ganda. Unaijua desturi yetu: kabla ya kubebesha, unaligonga shina kwa mgongo wa panga, usikie kama ni zima. Ule sikuugonga. Vikonyo vilikuwa vinanyauka, nikafanya haraka. Nimekupigia mara sita hupatikani. Nilikosea, mwanangu. Abdurahmani niachie mimi.

Baba yako

Nangurukuru, Ijumaa, 14 Juni 2024

Mwanangu, hujambo? Swali langu lote ni hilo. Abdurahmani hapokei simu. Mama yako hali chakula. Mimi naogopa, sifichi, maana ni mimi niliyekusukuma.

Baba

Kinshasa, Jumamosi, 15 Juni 2024

Baba, shikamoo. Mwambie mama ale, mimi mzima. Simu yangu waliizuia ofisini tangu Jumapili, nisiwaeleze watu habari ya mkia, nimerudishiwa leo. Ujumbe wako wa mkorosho nimeusoma sasa hivi.

Nilitia sahihi Jumamosi, kama ulivyoagiza. Jumatatu nikapanda. Injini zote nne zinanguruma, rubani wetu Valentini akageuka akaniona bado naikodolea macho karatasi niliyoitia sahihi. Akauliza, "Mwanahija, hii sahihi ni neno lako?"

Nikamjibu, "Ni neno la baba yangu."

Akazizima injini moja baada ya nyingine.

Wamefungua bati la mkia. Ndani kuna ufa unaopita urefu wa kiganja changu. Baba mdogo hasemi nami, na kazi sina tena. Nakuja nyumbani. Hasira nawe ninayo, baba, nivumilie mpaka iishe. Vikonyo vya ule mkorosho usivitupe. Tafuta shina jingine, na safari hii nitaligonga mimi.

Mwanao,
Mwanahija