Metre Tatu za Bitana Nyeusi

Baba yangu,

Tangu tukuzike, kila mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi ananiambia kwamba ulikufa ukiwa na fahari juu yangu. Nainamisha kichwa. Wanadhani ni majonzi.

Siku niliyopata lisansi, shahada yangu ya uchumi, ulifunika cherehani mchana kutwa, jambo ambalo hata milio ya bunduki kutoka mtaa wa Cibitoke haikuwahi kukufanyisha. Majirani walileta fanta na mchele, nawe ukawaahidi kwamba nitawafungulia watoto wao milango. Miezi minane nilibisha hodi ofisi za mjini, na jibu lilikuwa moja: vita ikiisha, rudi. Ulipoacha kuniuliza kwa mdomo ukabaki kuniuliza kwa macho, nikakudanganya kwamba nimepata kazi benki.

Ukanishonea koti la kijivu. Nililivaa kila asubuhi hadi mtaa wa Asiatique, kwenye duka la vitambaa la Mwarabu mmoja, nikalivua na kushika mita ya mbao. Mwenzangu pale mezani aliishia darasa la sita. Mshahara wetu ulikuwa sawa, na yeye alipima haraka kuliko mimi.

Siku moja duka ulilozoea kununua vitambaa lilifungwa, nami sikujua. Uliingia, ukaniona, ukasimama. Nje, Mzee Ramadhani, fundi mwenzako, alikuwa anafunga baiskeli yake. Ulisogea ukaziba mlango kwa mgongo wako.

“Mamzeli,” ulisema, “unipatie bitana nyeusi, metre tatu.”

Nilipima vibaya, ukakikunja kitambaa ukalipa. Nikasema, “Merci, mzee.” Nilikuita mzee, Baba, kama mteja yeyote.

Jioni ile Mzee Ramadhani alikuuliza habari za benki nikiwepo. Ukamjibu, “Anachoka sana. Kazi ya kule ni mingi.” Wewe, uliyekuwa ukifumua suruali nzima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Hatukuzungumza kamwe juu ya siku ile, nami niliendelea kuvaa koti.

Kisha buruse, pesa za serikali za kusomesha wanafunzi, zikachelewa, na Mzee Ramadhani akauza cherehani yake ya pili ili binti yake Zaituni asiache chuo. Alisema amejionea kwako faida ya shule. Usiku huo hukula. Ningeweza kumwambia ukweli kabla mnunuzi hajaja. Alikuja kuichukua kesho yake, saa nne. Nilikuwa dukani, nakunja vitenge. Baada ya hapo ugonjwa wako wa ini haukukupa hata miezi mitatu.

Kwenye arobaini yako, dua ilipokwisha, Mzee Ramadhani aliniita pembeni.

“Mama, Zaituni akimaliza, utamuombea nafasi kule kwenu?”

Nilimwambia yote: duka, mita, koti. Aliweka kikombe chake cha chai juu ya mkeka.

“Na baba yako, alijua?”

“Apana, mzee. Na yeye nilimudanganya.”

Ulinisitiri, nikataka nami nikusitiri. Lakini tangu siku hiyo najiuliza kama sikuogopa tu kuonekana mtoto aliyemfanya baba yake kuwa mwongo. Mzee Ramadhani alimaliza chai yake, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea riziki.

Laiti angenitukana.

Mungu akupanulie kaburi, Baba, na anipe ulimi wa kumwambia yaliyobaki.

Binti yako mkubwa