Nilikuwa Nimezima Simu, Dada

Kwako Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na Mama hapo kitandani pake. Shemeji yako anakusalimu, watoto wanakuamkia. Sisi huku hatujambo, ukiacha presha yangu, ambayo ndiyo iliyoleta balaa lote hili. Najua umenuna. Najua pia ukiona mwandiko wangu utasema huyu naye, zama hizi za simu anaandika barua, ana wazimu? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi hata nafasi ya kumeza mate, na leo nataka nifike mwisho wa maneno yangu. Nisipofika naogopa nitakupoteza, na mimi sina dada mwingine.

Kazi yangu unaijua. Kutwa nimevaa visikizio kichwani kwenye dawati la malalamiko la kampuni ya maji, watu wananitukana kana kwamba mabomba niliyafunga kwa mikono yangu. Huyu maji hayajatoka, yule yametoka na matope, mwingine yametoka vizuri tu ila jirani yake anapata mengi zaidi. Kazi yangu mimi ni kusema pole. Wenzangu wameniita Mama Pole, na walinzi wa getini nao wamelidaka jina. Nikirudi nyumbani pole zote zimeniishia. Mtoto akimwaga maji ya kikombe, nampigia kelele za pipa zima. Ikafika mahali shemeji yako akawa anaingia ndani kwa kunyata, kama mwizi, katika nyumba anayoilipia kodi mwenyewe.

Basi siku moja nikashikwa na kizunguzungu pale pale mezani, wakanikimbiza zahanati. Muuguzi akanipima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. Akaniuliza nikiamka kitu cha kwanza nafanya nini. Nikamwambia napokea simu. Akasema kabla ya simu, kabla ya mtu yeyote, niwe nakaa peke yangu kila siku, nifumbe macho, niisikilize pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakija nisigombane nayo, niyaache yapite. Nilitaka kumwuliza kama hana vidonge.

Nyumba yetu unaijua, mahali pa kukaa peke yako ni bafuni tu. Nikageuza ndoo nikaikalia. Dada, usiombe! Wanaosema kufumba macho ni kupumzika hawajawahi kukaa na kichwa changu. Pumzi ikiingia, nakumbuka sare ya mtoto haijakauka. Ikitoka, namkumbuka yule mzee aliyeniita mbwa jana, na jibu ambalo ningempa, jibu tamu kweli, ndiyo kwanza linanijia. Mguu unawasha. Bomba linadondosha. Shemeji yako akagonga mlango, akaniuliza kwa upole kama tumbo limeharibika. Nikamjibu kwamba natafuta utulivu, tena kwa sauti iliyowaamsha watoto wote.

Nikaendelea kwa ubishi tu, unanijua. Haba na haba, kitu kikaanza kubadilika, kidogo mno. Mtu akinitukana, pakawa na upenyo hivi kabla sijajibu, nikawa naweza kuchagua neno. Mkuu wetu akauliza siku hizi ninakula nini. Mtoto akamwaga tena, nikampa kitambaa. Roho bado ilikuwa juu juu, sikudanganyi, lakini nilianza kuiona ikipanda.

Sasa nakuja kwenye simu. Saa ninayokaa mimi ndiyo saa unayopiga wewe. Kunakucha hivi, hata jogoo hajasafisha koo, na wewe umeshaanza: paa linavuja, jirani kasogeza uzio, mwenye duka ana dharau, kaka yetu hawajulii hali wewe na Mama. Ukikata, presha yangu imeshapanda ngazi. Basi nikawa nazima simu. Nilikwambia ni mtandao, nikakwambia ni chaja. Chaja haijaharibika, Dada. Nilikuwa naizima kwa makusudi, kila asubuhi, kisha nakwenda kukalia ndoo yangu.

Halafu ukanipata kwa simu ya shemeji yako. Siku hiyo nilikuwa sijakaa hata kidogo, nimechelewa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ukasema weeee, na mimi mdomo ukajiendea wenyewe, nikakwambia pole sana kwa usumbufu, lalamiko lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ukakata hapo hapo. Nilicheka peke yangu, halafu aibu ikanishika nikakaa chini, na tangu siku hiyo hujanipigia.

Ungedhani nimepata nilichokitaka. Simu iko wazi na hailii. Nakaa bafuni, hakuna wa kunisumbua, na ndiyo kwanza situlii kabisa! Nafumbua jicho moja kuitazama simu. Kimya nilichokuwa nakitafuta nimekipata, na kinanishinda.

Juzi kazini wakaletwa wafanyakazi wapya, mkuu akaniambia niwafunze. Nikawaeleza kosa ambalo kila mgeni wa dawati lile hulifanya: kurukia lalamiko la kwanza. Mtu huanza na lililo jepesi kusema. Msikilize mpaka mwisho, nikawaambia, maana neno analolidondosha akiwa tayari anataka kukata, mara nyingi ndilo lililompigisha simu. Nilikuwa nimesimama mbele yao najiona bingwa, ghafla nikakukumbuka wewe, nikaketi, mmoja akaniletea maji.

Kesho yake nikakaa, nikafanya kama muuguzi alivyoagiza. Likaja paa lako, nikaliacha lipite. Ukaja uzio, akaja mwenye duka, nao wakapita. Nyuma yao likabaki neno unalofungia simu siku zote, nisilowahi kulijali kwa kuwa kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Unasema, haya, ngoja nikamgeuze Mama. Kila siku unalisema. Tangu apooze unamgeuza peke yako, na goti lako hilo, na hata mara moja hujaniambia kwamba umechoka.

Dada, ukweli wenyewe ndio huu, na nauandika haraka kabla sijaghairi. Nilikuwa nalisikia. Malalamiko yako hayajawahi kunipandisha presha, maana watu wananitukana kwa mshahara na nalala usingizi. Nilichokuwa naogopa ni kwamba siku moja utafika kwenye neno hilo na utasimama hapo, utasubiri, na mimi nitalazimika kukujibu. Nilijificha bafuni nikapaita mahali pa utulivu. Yeye ni mama yangu pia.

Nimeshaomba likizo na nimepewa. Mwisho wa mwezi nakuja, nitalala chumba chake, na wewe utalala mpaka jua likuchome usoni. Shemeji yako amekubali tuhamishe meza ya sebuleni kiingie kitanda, na Mama akiridhia, nikiondoka naondoka naye, tupokezane kuanzia sasa. Usinikatalie kwa hasira. Ukiwa na hasira nikasirikie nikiwa hapo mbele yako. Moyo haujatulia, lakini nakuja hivyo hivyo.

Mpe Mama salamu zangu, umshike mkono unapozitoa. Wasalimie majirani, hata yule wa uzio. Na univumilie nitakapofika, maana nimepita umri wa kuona haya kuuliza: sijui kumgeuza. Sijui hata kama mnaanzia begani au kiunoni.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba