Siagi Kwenye Viazi vya Cathal

Shangazi Attracta wa gazeti letu, salamu nyingi, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana haya siwezi kumwambia hata padri wetu, yeye mwenyewe anamiliki nusu ya farasi mmoja zizini kwetu.

Niliolewa Tipperary kwenye ukoo wa mbio za farasi, baba mkwe alipanda, mume wangu Donal alipanda mpaka mtulinga wake ukavunjika mara ya tano, sasa anafundisha farasi wanne nyuma ya nyumba, na mwanetu Cathal ni mwalimu wa hesabu wiki nzima lakini Jumapili anaruka viunzi na farasi kwenye mashamba ya watu, mpandaji wa ridhaa, halipwi hata senti, na mwezi wa Novemba alianguka akalala kwenye nyasi dakika sita bila kuniitikia, ndipo nikaanza kumnenepesha. Ndiyo, Shangazi. Mpandaji akizidi uzito hapandi, kwa hiyo nikawa naponda viazi vyake na nusu pakiti ya siagi, krimu kwenye supu, mafuta ya nyama kwenye kabichi, naye anamaliza sahani yote, anasema, "Asante, Mama, leo umepika!" kisha anavaa mfuko wa takataka ndani ya sweta ili atoke jasho, anakwenda kukimbia mlimani, akirudi anajiloweka kwenye maji ya moto mpaka anatoka midomo imekauka, na bado amezidi kilo tatu.

Nikadhani nimeshinda. Lakini Alhamisi mezani Donal akasema, "Cathal asipopungua kabla ya mbio za Pasaka, Biddy atapandwa na Dervla," na Dervla ndiye binti yangu, kitindamimba, ana miaka kumi na tisa na uzito wa paka, akadakia, "Kula, kaka, kula! Nikuongeze viazi?" wote wakacheka, mimi nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa imeshaoshwa. Biddy ndiye farasi aliyemwangusha Cathal. Sasa, Shangazi, nianze kumnenepesha na huyu? Siagi yenyewe haipendi.

Mama wa Tipperary (majina nimeyabadilisha, hata la farasi)

ATTRACTA ANAJIBU

Dada yangu, nimecheka, nisamehe, kisha nikasoma mara ya pili na kicheko kikaniisha. Mimi pia niliolewa na mtu wa farasi. Miaka kumi na minane nilikaa ndani ya gari nimeupa uwanja mgongo, natafuna mkate nisiousikia ladha. Nakuelewa kabisa. Lakini ulichofanya ni upuuzi, tena upuuzi wa hatari.

Hebu niambie, mtu anayepanda mizani kila asubuhi hajui kilichomo kwenye viazi vyake? Anajua, dada. Amejua tangu Novemba. Anakula kwa sababu umepika wewe, kisha anakwenda kukitoa mlimani na kwenye maji ya moto ili asimtie baba yake aibu. Wewe unamwongezea, yeye anajikamua, na mtu aliyekaukiwa maji mwilini ndiye anayechelewa kuvuta hatamu mbele ya kiunzi. Anavipenda vyote viwili, farasi na sahani yako. Usimlazimishe kuvibeba kwa pamoja.

Leo hii mpikie samaki na viazi vitupu. Wakishakaa wote, waambie ulichokuwa unafanya, na useme, "Naogopa." Barua yako ndefu hivyo, nimelitafuta neno hilo sikuliona. Nina hakika Donal naye hajawahi kulisikia. Mwambie Cathal haruki hata ufito mpaka daktari amwangalie kichwa upya, na Dervla asipewe Biddy kabla hajamrusha viunzi vidogo nyumbani, mbele ya macho yako. Wakikubali, huo ndio ushindi wako. Wakipanda baada ya hapo, ni watu wazima, waache wapande.

Na wewe usikae garini. Jumatatu ya Pasaka nitakuwa kwenye uzio, kiunzi cha mwisho, kofia ya kijani. Njoo usimame nami. Ukifumba macho, nitakusimulia.