Nimepata Kazi, Mama, na Jingine

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na Baba ameacha kugombana na watangazaji wa redio. Sisi huku wazima. Mkweo anakusalimu sana. Bado anahangaika na majokofu ya watu huku letu likivuja maji jikoni.

Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani husikilizwa na ukoo mzima, na habari hizi nataka zikufikie wewe kwanza.

Mama, nimepata kazi! Kazi ya kuandika programu za kompyuta, ile ambayo Baba huwaambia majirani kwamba ni ufundi wa redio. Unajua nilivyozungushwa. Wapo walionihoji kwa video wakakata kabla sijamaliza sentensi. Wengine waliniahidi kunipigia, na nadhani mpaka leo wanaitafuta namba. Nilishaanza kumwambia mkweo kwamba labda nikauze vocha. Akasema vocha zote nitazimaliza mwenyewe kwa kukupigia wewe.

Ofisi hii iko ghorofani, juu ya duka la miwani. Wanatengeneza programu inayomwonyesha mgonjwa zamu yake kwenye simu, asishinde kliniki akiukodolea macho mlango wa daktari. Mkuu wao ni mama wa makamo ambaye wenzake wanamwita Komando, na jina limemkaa. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kompyuta akaniambia programu yao inawapa wagonjwa wawili zamu moja, nitafute kwa nini. Nilizama humo hadi nikasahau kwamba niko kwenye usaili. Kumbe watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote wanaikuta zamu ile ile iko wazi! Nilipoliona kosa, niliipiga meza kofi nikasema, "Nimekukamata, mshenzi wewe!" Chumba kizima kikanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke. Komando akacheka hadi akavua miwani.

Kesho yake aliniita tuzungumze. Walitaka niwe mkaguzi wa kazi za wenzangu. Nikamwambia kwamba nashukuru, ila kukagua tu kutanifanya ninune. Mimi nataka kuandika. Akasema wageni wote huanzia hapo. Nikamwomba anikabidhi sehemu moja niijenge mwenyewe, nikishindwa nitakagua bila kulalamika. Akakubali, tena akanipa sehemu hiyo hiyo ya zamu. Kwenye mshahara tukavutana kidogo. Akapanda, nikashuka, tukakutana mahali ambapo sote tulitabasamu.

Mkataba ukawekwa mbele yangu na kalamu juu yake. Hapo, Mama, ndipo penye jambo lenyewe. Mkweo alikuwa amenisihi nisaini kwanza, niseme baadaye. Lakini kazi ya kuianza kwa kujificha ingenikaa kooni. Nikaisukuma kalamu pembeni nikasema, "Nina mimba ya miezi minne."

Ndiyo, Mama. Umesoma sawasawa.

Komando alinitazama tumboni. Moyoni nikaanza kuiaga ile meza na dirisha lake. Kisha akauvuta mkataba kwake, nikajua basi tena. Kumbe anaandika! Aliuliza natarajia lini, akaongeza likizo ya uzazi, na kwamba nikirudi nitaikuta kazi yangu ile ile.

"Anayeniambia habari ngumu kabla ya kusaini," akasema, "ataniambia na programu ikiharibika."

Nikalia kama mtoto, mbele ya Komando!

Niwie radhi kwamba mgeni amejua kabla yako. Baada ya ile mimba iliyotoka mwaka juzi, niliogopa kukupa furaha halafu nikunyang'anye. Sasa daktari anasema mtoto yuko salama, na juzi, nikiwa napiga mswaki, alinipiga teke la kwanza. Nilimwita mkweo, akaja mbio na bisibisi mkononi, akidhani jokofu limelipuka.

Jumatatu naanza kazi. Msalimie Baba, ila mketishe kwanza. Wasalimie dada na wanawe. Majirani waambie la kazi tu. Hili jingine libaki letu kwanza. Na wewe ukimaliza kusoma, lia kidogo kama ilivyo kawaida yako, kisha toka nje na simu unipigie. Nakaa naisubiri.

Nakupenda,
Kitindamimba wako