Majani ya Chai kutoka kwa Ombati

Mpendwa Chebet,

Salamu kutoka Kaplong. Mvua imenyesha, chai inachipua, na yule mtamba wako wa ng'ombe amezaa. Ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu babu yako atuache.

Umeniuliza kama mikutano ya wabunge wa Asia na Afrika, hiyo unayoifanyia kazi huko mbali, huleta amani kweli. Nitakuambia nilichokiona miaka ya tisini.

Wabunge wa namna hiyo walitutembelea baada ya zile vurugu za ardhi. Babu yako na jirani yetu, Mzee Ombati, walikuwa hawasalimiani. Mgeni mmoja, mama kutoka nchi ya chai kama yetu, akaomba chai. Niliona aibu. Majani yetu yote huenda kiwandani, na paketi ya dukani ilikuwa imeisha.

"Nenda kwa Ombati," nikamnong'oneza babu yako.

"Afadhali wanywe maziwa!"

"Watu wametoka Asia mpaka hapa, na wewe ua wa michongoma ulio kati yetu na Ombati unakushinda?"

Akaenda. Alirudi na Ombati mwenyewe, paketi mkononi, akipiga kelele, "Huyu mzee ana shamba zima la chai, na anakuja kuniomba majani!" Babu yako akacheka mpaka akaketi.

Walichoandika wabunge sikukisoma. Lakini tangu siku ile wazee wetu walikunywa chai pamoja kila jioni. Ombati bado huja na paketi yake, hata kama yangu haijaisha. Nami bado natoa vikombe vitatu.

Nyanya yako, anayekungoja nyumbani.