Kola ya Jezi Namba Tisa

Kawangware 46,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Kwako dada yangu Mama Phanuel,

Bwana asifiwe sana. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hapa tuko. Miguu yangu inafura kidogo jioni, lakini mdomo, wewe wanijua, huo haujawahi kuugua. Na Phanuel vipi huko Webuye? Bado anatafuna kola ya shati kama mbuzi? Huyo mtoto nilimshonea kola tatu akiwa darasa la nne, kwa mkono huu huu, na bado akatafuna hata uzi.

Utashangaa naandika na simu iko. Simu yako naipiga inalia mpaka inachoka yenyewe. Tena ukuta wa ploti yetu ni bati, nikisema neno hapa linajibiwa chumba cha sita. Kwa hivyo nampa Annet wa omena, anakuja huko kwenu Jumanne na Ijumaa. Nijibu kwa mkono wake.

Dada, nimeibiwa. Si sufuria. Nimeibiwa mtoto, na mtoto mwenyewe yuko hapa anakunywa chai!

Sikiliza. Timu yetu ya Mawe Moto unaijua. Kwa televisheni hawajui kama tuko duniani, lakini hapa mtaani Jumapili bila Mawe Moto ni Jumatatu tu. Unajua jezi zao nimezifua mimi miaka tisa, malipo ni soda na asante. Na unajua namba tisa ni Billy wangu. Simsifu kwa sababu nilimzaa, namsifu kwa sababu nina macho. Kufikia Krismasi alikuwa na mabao sita, na moja alilifunga soli ya kiatu ikiwa imeng'oka inapiga makofi. Mimi nyar Alego, binti wa Alego, sikuzaa mtoto wa benchi.

Basi Januari yule mwenyekiti wao, Musau, akamwambia Billy apumzike. Apumzike nini, kijana wa miaka ishirini na moja, ametoka kuzaa? Tena kadi yake ya ligi akakataa kumrudishia. Reli Rovers wa huko kwenu Kibera wamesikia tu habari za mabao yake na wanamtaka Billy hata leo, lakini bila hiyo kadi hakuna refa atamwacha akanyage uwanja. Nikaacha kufua. Nikasema wavae uchafu wao.

Sasa jana walikuwa na mechi huko Kibera. Jioni niko bombani, Kavindu wa mboga akanishika mkono. "Mama Billy, hongera! Kijana amefunga mawili!" Nikamwambia, "Kijana gani? Wangu ameshinda juu ya mabati anaziba tundu." Akacheka, akasema, "Wewe nawe! Umeringa mpaka sasa unaringa kwa kukana." Nikaenda mbio kwa kioski, hapo matokeo hubandikwa. Imeandikwa kabisa: Billy Ogola, dakika ya ishirini, na ya sabini na moja.

Unaona? Kuna mtu amevaa jina la mtoto wangu. Wanamchezesha ugenini tu, mahali sura ya Billy haijulikani. Jumapili wanarudi tena huko kwenu. Nenda unitazamie huyo namba tisa. Niletee sura yake, niletee na jina la mama yake. Nikilipata, mengine niachie. Sitamroga, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini huyo mama atajua mimi nilinyonyeshwa maziwa gani.

Dada yako,
Mama Billy, na wa Phanuel kwa ubatizo


Laini Saba, Kibera,
18 Februari 2025

Mulembe dada Mama Billy,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari si nzuri. Mgongo unaendelea, Mungu ni mwema. Pole kwa miguu. Loweka kwa maji ya chumvi.

Nilienda uwanjani kama ulivyosema. Vumbi lilikuwa jingi, na macho yangu ya siku hizi hayaaminiki. Huyo namba tisa nilimwona mgongo tu. Ni mtu mrefu, au labda wa wastani. Jina sikulisikia vizuri.

Phanuel bado yuko Webuye kwa mjomba wake, anachunga ng'ombe na anakusalimia sana.

Dada yangu, kisasi ni cha Mungu. Mpira ni mchezo tu, leo uko kesho hauko. Kwa nini Billy asijifunze useremala? Ana mikono mizuri.

Dada yako anayekupenda,
Mama Phanuel


Kawangware 46,
24 Februari 2025

Kwako Mama Phanuel,

Salamu nyingi. Chumvi imesaidia, asante.

Mrefu au labda wa wastani! Dada, wewe ndiye ulimkamata aliyeiba pasi yako ya nguo kwa kumwona kisigino, tena stima imepotea. Leo mtu mzima wa jezi nyekundu anakimbia mbele yako dakika tisini, humwoni? Nenda hospitali wakuangalie hayo macho, nasema kwa upendo. Na huo useremala mfundishe ng'ombe wa mjomba. Billy wangu Mungu alimpa miguu.

Sikiliza nilichofanya. Nimemwendea Musau nyumbani kwake Satellite. Nimeinama kama bibi harusi. "Mwenyekiti, nilikosa. Hasira ya mama. Nipe jezi nifue." Akavimba, akanipa na gunia! Hajui amemkabidhi mwizi wake kwa polisi.

Kwa maana nguo haifichi, dada. Miaka tisa nimesoma hizo jezi kuliko nilivyosoma Biblia, Mungu anisamehe. Beki Wanzala hupangusa kamasi kwa mkono wa kushoto. Kipa huanguka upande mmoja tu, kiwiko cha kulia hakijui udongo. Billy akifunga hupiga magoti, soksi zake hutoboka mbele. Na huyu mwizi naye ana tabia yake. Hata akijificha ndani ya jina la mtoto wangu, jasho ni lake.

Mwezi ujao tarehe thelathini ni mechi ya mwisho, Mawe Moto na Reli Rovers, huko kwenu. Wakishinda wanapanda daraja. Musau ameshaagiza mbuzi. Atamla na machozi.

Dada yako,
Mama Billy


Kawangware 46,
10 Machi 2025

Mama Phanuel,

Hujambo. Sisi wazima.

Jana walicheza Kangemi. Leo asubuhi nimemwaga jezi kwa karai. Namba tisa, kola imetafunwa upande wa kulia, mpaka uzi.

Anakusalimia sana kutoka Webuye?

Mama Billy


Laini Saba,
14 Machi 2025

Dada yangu, Mama Billy wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Siku tatu sijalala.

Phanuel alirudi Desemba. Ng'ombe wa mjomba walikwisha, walikufa ugonjwa. Kule alikuwa anacheza vizuri, watu wote wanasema. Mimi mwenyewe ndiye nilimpeleka kwa Musau, nikijua ni mtu wa nyumbani Kawangware. Musau akamtazama mazoezini, akasema kijana ni moto lakini usajili umefungwa, mpaka msimu ujao. Halafu akasema kuna kadi moja iko bure, mwenyewe ameacha mpira ameenda Mombasa kazi. Hakunitajia jina. Phanuel anakaa kwake Satellite, anatolewa siku ya mechi tu.

Jina nililijua kwa barua yako. Nakuapia. Na ndipo niliposema uongo wa vumbi, na wa Webuye. Huo ni wangu, siutupi kwa Musau.

Lakini nisikilize kama mama. Mechi ya mwisho anakuja mtu wa timu kubwa kumwangalia, na akimnunua Musau ana fungu lake. Ni mechi moja tu, dada. Ikiisha, Musau ameahidi kadi ya Billy atairudisha. Na ukimshika pale mbele ya watu, unajua vile wanafanya mamluki, mtu wa kucheza kwa kadi ya mwenzake. Mwaka juzi mmoja alivunjwa taya. Wewe ulimshika Phanuel juu ya maji ya ubatizo. Aliita "mama" kwako kabla hajaita kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa kazini kwa Wahindi tangu asubuhi.

Nakuomba kwa magoti.

Dada yako,
Mama Phanuel


Laini Saba,
25 Machi 2025

Dada,

Annet anasema barua ulipokea. Anasema uliisoma ukipepeta mchele, ukaikunja, ukaendelea kupepeta. Nijibu hata kwa matusi.

Mama Phanuel


Kawangware 46,
1 Aprili 2025

Kwako Mama Phanuel,

Nakusalimu. Natumai mzima. Mimi ni mzima kuliko jana, na jana nilikuwa mzima kuliko juzi.

Najua hukuja uwanjani. Nilikutafuta kwa macho. Kwa hivyo nakueleza, usije ukapewa na mtu wa kuongeza chumvi.

Nilioga, nikavaa kile kitenge cha Pasaka, nikafunga kitambaa kichwani mpaka watu wakauliza kama kuna harusi. Nikatembea na Billy, na kitambulisho chake kifuani pangu. Miaka tisa ninakaa upande wa Mawe Moto. Juzi nilipita mbele yao nikaenda nikakaa kwa Reli Rovers. Nahodha wao akaniuliza, "Mathe, wewe si wa Mawe Moto?" Nikamwambia, "Leo mimi ni wa Billy."

Wajua kabla ya mechi refa hupanga wachezaji mstari, ashike kadi, aite jina moja moja. Akafika. "Namba tisa, Billy Ogola!" Mtoto wako akainua mkono. "Niko." Amekuwa mrefu, yawa. Si wastani hata kidogo.

Na upande wangu Billy naye akasema kwa sauti, "Niko."

Refa akaangalia huku, akaangalia kule. Musau akaja mbio, tumbo mbele, akaninong'onezea, "Mama Billy, haya ni mambo ya nyumbani, tumalizane nyumbani." Sikunong'ona mimi. Nilisema watu wa relini wasikie: "Nyumbani gani? Jina la mtoto wangu umelitembeza ugenini, acha lirudi kwa njia ile ile! Refa, muulize huyo kijana mama yake anaitwa nani."

Refa akamgeukia. "Kijana, mama yako anaitwa nani?"

Dada, walikuwa wamemfundisha. Nina hakika Musau alikuwa amemkaririsha, Rosebella Awiti, Rosebella Awiti, kama mtoto wa nasari. Akafungua mdomo. Halafu akaniona. Akanitazama hivi, na badala ya jina langu kutoka, akaingiza kola mdomoni.

Nitakwambia ukweli, hapo sikumwona mwizi. Nilimwona wa darasa la nne. Ningeweza kusema, refa, nimekosea, huyu ni wangu. Uongo mmoja tu, mdogo kuliko wako. Nikakumbuka "labda wa wastani". Nikasema, "Huyu simjui. Wangu ni huyu hapa," na nikampa kitambulisho.

Refa akabandua picha kwenye kadi kwa kucha. Chini yake, picha ya Billy, anacheka.

Mechi haikuchezwa. Reli Rovers wamepewa ushindi. Mawe Moto hawapandi popote, wameshushwa, na Musau kamati ya ligi imemfungia miaka mitatu asikanyage benchi ya timu yoyote. Mbuzi wake nimesikia alikata kamba katika hizo kelele, akapotelea huko huko kwenu. Mkimwona mnichinjie.

Nimelipa na mimi, usifikiri nimekula bure. Mabao yote yaliyoandikwa kwa ile kadi yamefutwa, ya Phanuel na yale sita ya Billy. Katika kitabu chao mtoto wangu hajawahi kufunga. Wafute! Mimi nilikuwepo kwa yote sita. Na bombani hakuna anayenisalimia. Kavindu amesema nimeua timu ya mtaa. Nikamwambia niliifua miaka tisa, uchafu uliobaki haukuwa wa sabuni. Lakini Jumapili sina pa kwenda. Hilo nalo ni kweli.

Kadi mpya ya Billy inatoka wiki ijayo. Atavaa namba kumi na moja ya Reli Rovers, utamwona huko huko kwenu, ukitaka kuona.

Sasa kuhusu taya la mtoto wako. Mashabiki walianza, "Mamluki! Mamluki!" na mawe wakaokota. Mimi sikusogea. Aliyesogea ni Billy. Sikumtuma. Akavuka uwanja, akamvua Phanuel ile jezi, akamvisha jaketi lake mwenyewe, akamshika bega wakatembea hivyo pamoja mpaka barabarani, na hakuna aliyerusha hata kokoto, kwa maana wangempiga mwenye jina. Kurudi nilimgombeza. Akaniambia, "Mathe, kisasi ni chako. Mimi nilikuwa nataka kadi." Hebu fikiria! Lakini unaona nimezaa mtu wa aina gani. Hiyo ndiyo sifa yangu, na hiyo hakuna kamati inafuta.

Phanuel hana deni kwangu. Alitumwa na wakubwa. Mwambie akija Kawangware nyumba anaijua, kikombe chake bado kiko. Wewe usije.

Annet anakuletea na mfuko. Ndani kuna ile jezi namba tisa. Za wenzake zote nilizifua jana, nikazikunja, nikazipeleka kwa nahodha, mara ya mwisho. Hii sijaifua. Ifue wewe. Na kola uishone, uone kazi niliyokuwa nikikufanyia.

Mama Billy. Basi.